Bunduki ya Mahadhi Inalala Wapi

“Mkishamwachia fundi hiyo bunduki, Mama Lubna, usiku utajuaje inalala wapi?”

Swali hilo aliliuliza Priscilla, jirani yao wa Sabaki, naye yuko upande wake wa ua anachambua mchicha. Hakuliuliza kwa ubaya. Priscilla ndivyo alivyoumbwa: hukutupia neno, kisha akaingia zake jikoni kuinjika sufuria, wewe ukabaki nalo kama mwiba wa samaki kooni. Alikuwa na habari, au alisema anayo, ya mtu mmoja aliyepeleka bunduki kutengenezwa ikakaa kwa fundi siku kadhaa, na katika siku hizo ikaonekana kwenye wizi wa ng'ombe.

“Aliyefungwa ni nani? Mwenye bunduki,” akasema Priscilla. “Fundi yeye yuko kwake, anakunywa chai.”

Zuleikha akacheka kwa adabu. Moyoni hakucheka.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marisau, ya mtutu mmoja, kitako chake cha mti kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Leseni ilikuwa ya mumewe, Mahadhi, na kazi ya bunduki ile ilikuwa moja tu. Shamba lao lilikuwa karibu na pale mto unapoingia baharini, na viboko hupanda kutoka mtoni kabla ya jua, wakala mahindi, wakailaza migomba. Mahadhi hakupata kuua kiboko hata mmoja. Serikali haikumruhusu, na yeye mwenyewe hakutaka. Alipiga juu, mlio mmoja, viboko wakageuka. Wenye uwezo huzungusha mashamba yao kwa seng'enge. Shamba la Mahadhi lilizungushwa kwa mlio ule.

Kipupwe kilipoingia, mlio ukakataa. Alfajiri moja ya baridi Thoya, aliyekuwa akiwalimia, alipiga debe kuwaamsha. Mahadhi akatoka, akaelekeza mtutu mbinguni, akavuta. Ikasema tak. Akabadilisha risasi. Tak. Kiboko akainua kichwa, akamtazama, kisha akaendelea kula kama mtu aliyealikwa karamu.

“Mzee,” Thoya akaita huku anarudi kinyumenyume, “hiyo imekuwa bakora?”

Palikuwa na jambo ambalo Thoya hakulijua, wala Priscilla, wala mtu yeyote nje ya chumba chao. Aliyekuwa akiisafisha bunduki ile hakuwa Mahadhi. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi vidoleni. Kifungo cha kanzu kilimshinda, sembuse skrubu. Aliyeifungua, akaipangusa na kuitia mafuta kila Alhamisi alikuwa Zuleikha. Na sheria ilikuwa wazi. Askari mmoja aliyekuja kuikagua aliwahi kusema mbele yake, “Mzee, hata mkeo asiiguse. Tukisikia ameigusa, tunaichukua.” Zuleikha alikuwa amesimama na sinia la kahawa na kaimati. Akainamisha macho, akamkaribisha askari ale.

Mafuta yenyewe, yale ya kichupa yanayouzwa kwa kazi hiyo, yalikwisha kaskazi iliyopita. Zuleikha akaanza kutumia ya nazi, aliyoyapika kwa mkono wake, meupe, hayana hata harufu ya moshi. Marehemu mamake aliendesha cherehani kwa mafuta hayo hayo maisha yake yote pale Shella, na nguo za maarusi wa mtaa mzima zilipita chini ya sindano ile. Zuleikha hakuona haja ya kumweleza mumewe. Alisema bismillahi, akatia.

&nbsp;

“Mafundi ni wawili tu ninaowajua,” Mahadhi alisema walipokuwa wanakunywa uji. “Kuna Njenga, Kilifi. Alikuwa akitengeneza silaha za askari wa wanyama. Amestaafu, ana karakana yake, ana kibali cha serikali.”

“Mtu wa bara.”

“Mtu wa bara, ndiyo.”

“Na wa pili?”

“Abdulqadir.”

Zuleikha akaweka bakuli chini. Abdulqadir wa Shella alikuwa mtu wa msikiti mmoja na wao. Alikuwa na undugu na wakwe wa binti yao Lubna. Ndiye aliyetengeneza mashine ya kisima na taa za msikiti, na zamani alikuwa akimshikia babake kazi ya bunduki za Wazungu wenye mashamba. “Sasa unahangaika nini, Baba Lubna? Si mpelekee Abdulqadir?”

“Abdulqadir hana kibali. Kibali alikuwa nacho babake, na babake amekufa nacho.”

“Lakini ni mtu wetu.”

“Ndiyo dunia, Mama Lubna. Mwenye kibali si mtu wetu, na mtu wetu hana kibali.” Mahadhi akajifuta ndevu. “Nikikutwa nimempa silaha asiye na kibali, wataninyang'anya mbele ya watoto wa Priscilla. Tutakwenda Kilifi.”

“Basi haitalala huko,” Zuleikha akasema. “Tutakaa hapo hapo anaitengeneza, na tutarudi nayo.”

“Na wewe unakwenda kama nani?”

“Kama macho yako.”

&nbsp;

Mpwa wao Uweis aliwachukua kwa gari lake, bunduki imefungwa ndani ya jamvi. Karakana ya Njenga ilikuwa nyuma ya nyumba yake, chumba cha mawe chenye madirisha ya nondo. Kibali chake kilitundikwa ukutani ndani ya fremu, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Bunduki nyingine za watu zilisimama pembeni zimepitishwa mnyororo. Zuleikha alizitazama zile akawaza: hizi za nani, na wenyewe wanajua ziko hapa?

Njenga alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kamba. Hakuwauliza habari ya safari wala habari ya nyumbani. Maji hakuwapa. Alinyoosha mkono, akasema, “Leseni kwanza.”

Mahadhi akaitoa. Njenga akaisoma, akamtazama Mahadhi usoni, akaisoma tena. Zuleikha akasema moyoni: mtu asiyekujulia hali ana haraka ya nini?

“Sasa ifungue, mzee. Nione ndani hamna kitu.”

“Si wewe ndiwe fundi?”

“Mimi siigusi ya mtu mpaka mwenyewe amenifungulia. Ndivyo ninavyofanya kazi.”

Mahadhi akaishika. Kidole gumba kikateleza kwenye kile kitasa kidogo cha kuikunjua, kikateleza tena. Jasho likamtoka puani. Mkono wa Zuleikha ukatoka wenyewe kumsaidia, na ulipokuwa njiani akaugeuza, akajitengeneza buibui kichwani. Njenga aliuona mkono ule. Bunduki ikakunjuka kwa shida.

“Anayeisafisha ni nani?”

“Mimi,” Mahadhi akajibu.

“Kwa mafuta gani?”

“Mafuta ya bunduki. Ya kutoka Mombasa.”

Njenga akapitisha kitambaa ndani, akakinusa, akamtazama Mahadhi, kisha akamtazama Zuleikha kidogo, kama mtu anayetazama saa. “Haya,” akasema.

Zuleikha akajivuta karibu na mumewe. Fundi wa viatu hakuulizi ni nani anayekupigia rangi. Huyu aliishi na maaskari miaka yote. Huyu anaulizia nini? Akamkodolea macho. Njenga aliitoa pini, ile inayogonga risasi kwa nyuma, akageuka nayo kwenye meza yake, akawapa mgongo. Kulikuwa na mkebe wa mafuta ya taa, na brashi, na vyuma vingine vidogo vidogo. Zuleikha akanyoosha shingo, lakini mgongo wa Njenga ulikuwa mpana kuliko ulivyoonekana. Alipogeuka pini ilikuwa inang'aa. Akairudisha, akatoka nje, akapiga ndani ya pipa la mchanga. Mlio ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Akapiga tena.

“Ni nzima. Ilikuwa imejaa uchafu tu. Nimeitia mafuta inayoyataka, msiongeze kitu.” Akamrudishia Mahadhi bunduki, lakini maneno yaliyofuata yalikwenda upande wa Zuleikha. “Na ikigoma tena, aje nayo yule anayeisafisha.”

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka ikatia shaka.

“Umesikia alivyosema?” Zuleikha akauliza garini. “Yule anayeisafisha. Ananitega.”

“Bei yake nzuri, lakini.”

“Fundi asiyekuchinja kwa bei, Baba Lubna, anakuchinja kwengine.”

Uweis akacheka, akaongeza redio.

&nbsp;

Nyumbani, alipokuwa peke yake, Zuleikha aliifungua akatia kidole. Kilitoka kikavu. Palikuwa na utando mwembamba tu, hata kitambaa hakikulowa. Akatikisa kichwa. Kumbe ndiyo maana ya “msiongeze kitu”. Ameikausha ili ishike kutu, ili kipupwe hakijesha wawe wamerudi kwake na jamvi lao, safari hii bei iwe nyingine. Aliwaona mafundi wa namna hiyo tangu utoto wake. Mamake aliwaita wapanda kunde, huacha mbegu ya kazi ya kesho ndani ya kazi ya leo.

Akaleta chupa yake. Akatia mafuta ya nazi mpaka yakachuruzika kwenye kitako, akayapangusa kwa kanga kuukuu, akamwomba Mungu aiepushe nyumba yake na shari ya kila mwenye shari.

Thoya aliambiwa bunduki imepona. Mahadhi mwenyewe ndiye aliyemwambia, tena kwa majigambo. “Imelia Kilifi mpaka kuku wamehama. Alfajiri usikimbie tena kama mtoto. Wewe simama na tochi, umulike, mimi nipige.”

Thoya akasimama. Ile asubuhi ukungu ulikuwa umelala chini juu ya mto na upepo wa kusi ulikuwa wa kutia ganzi. Alimmulika kiboko jike aliyekuja na mwanawe, akamsogelea kwa kumwamini Mahadhi nyuma yake. Mahadhi akavuta. Tak.

Yaliyofuata Zuleikha aliyasikia kutoka mlangoni: kishindo, tochi inaanguka, Thoya anamwita mamake kwa Kigiriama. Kiboko hakumng'ata, hilo lilikuwa la kushukuru. Alimpiga dafrau tu, akapita. Lakini nyonga ilivunjika, na Thoya ni mtu aliyetoka Ganze kwa sababu ya ukame akiwa hana mali nyingine ila nyonga zile mbili na jembe.

Hospitalini mkewe, Nyevu, alikaa kwenye sakafu ya baraza, miguu ameinyoosha, mtoto mgongoni. Zuleikha akampa pole, akampa na chakula alichokibeba kwenye kapu. Nyevu akakipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa.

“Mama,” akasema, “si mlimwambia imepona?”

“Tuliambiwa imepona, mwanangu.”

“Ninyi mliambiwa na fundi. Sisi tuliambiwa na ninyi.” Akaweka kapu kando. “Mulungu yupo.”

&nbsp;

Siku hiyo hiyo walimwendea Abdulqadir. Sheria ikasahaulika. Aliwapokea kwa salamu ndefu, akaulizia afya ya Lubna, na watoto wa Lubna, na mguu wa Mahadhi. Akaleta maji ya baridi ya ukwaju. Leseni hakuulizia. Ni nani anayeisafisha, hakuulizia pia, na Zuleikha akahisi mwili wake wote unalegea kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Abdulqadir aliipeleka bunduki dirishani penye jua, akaikunjua, akaitazama ndani kwa jicho moja. Akaguna.

“Huyo wa Kilifi aliitoa pini?”

“Aliitoa,” Mahadhi akasema.

“Mliiona ilikokwenda?”

Mahadhi akamgeukia mkewe. Zuleikha akasema, “Alitupa mgongo.”

“Basi.” Abdulqadir akairudisha bunduki kwenye jamvi polepole, kama anayemfunika maiti. “Ile ya zamani ilikuwa chuma cha Uingereza. Hii si yake. Hii ni ya kuchonga. Ile yenu inauzwa pahala sasa hivi. Hawa watu, Mahadhi, walikuja huku wakatukuta tunalala milango wazi.”

“Itengeneze wewe, basi.”

“Mimi? Hapana, ndugu yangu. Nikiigusa sasa watasema ni mimi niliyeiharibu. Maaskari watakuja kwa ajili ya huyo aliyevunjika, hawana budi. Wakija, waambieni. Lakini jina langu,” akacheka kidogo, “jina langu liacheni hapa hapa Shella.”

Maaskari walikuja kweli, kesho yake, wakasimama kwenye mahindi yaliyolala. Mahadhi akasema pini imebadilishwa. Wakamwuliza Zuleikha kama aliona. Angeweza kusema, alitupa mgongo. Hilo ndilo alilokuwa nalo. Lakini aliikumbuka nyonga ya Thoya, na jicho la Nyevu, na yale maneno “aje nayo yule anayeisafisha”, na ulimi wake ukatangulia.

“Niliona,” akasema. “Alitoa moja, akatia nyingine.”

Wakaichukua bunduki kwa uchunguzi wa muda, wakairudisha baada ya siku mbili wakisema italetwa tena kituoni shauri likisikizwa. Huko Kilifi, Uweis alileta habari, karakana ya Njenga ilitiwa kufuli na kibali chake kilishushwa ukutani.

“Si nilikwambia?” Priscilla aliita kutoka upande wake wa ua. “Hukuniamini! Mimi na mafundi, Mama Lubna, mimi na mafundi!” Alikuwa amefurahi kabisa, na Zuleikha akafurahi naye, kidogo.

&nbsp;

Furaha ile haikuvuka Ijumaa.

Kila Ijumaa asubuhi alimkanda Mahadhi miguu kwa mafuta ya nazi, kwa sababu daktari alisema ngozi isipasuke. Alipoinamisha chupa, hayakutoka. Yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Hilo halikuwa geni. Kipupwe ndivyo kilivyo. Akaiweka chupa juani kwenye kizingiti, akakaa kusubiri, tasbihi mkononi.

Na pale alipokuwa amekaa, akamkumbuka mamake. Asubuhi za kipupwe wateja walipokuja kuhimiza nguo zao, mamake hakugusa cherehani. Alikibeba mpaka uani, akakiacha juani, akawaambia, “Mashine yangu haijaamka. Rudini adhuhuri.” Watoto walicheka kila mwaka. Hakuna aliyeuliza kwa nini hailali wakati wa joto la kaskazi.

Tasbihi ikasimama kati ya vidole.

Aliingia ndani akafunga mlango. Bunduki ilikuwa baridi. Aliikunjua, akahakikisha haina risasi, akatia ncha ya kidole pale pini inapokaa. Akatoa kitu cheupe, laini, kinachonukia kama nywele za bi arusi. Akaifunga, akavuta. Tak. Ilikuwa sauti ya mtu anayegonga mlango hataki kufunguliwa. Akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akasali rakaa mbili ambazo hakujua ni za nini, akarudi. Kile chuma kilikuwa na uvuguvugu. Akavuta.

Kwa! Ikagonga kwa nguvu hata Mahadhi akauliza kutoka barazani, “Nini hicho?”

Alimweleza yote, kuanzia kichupa kilichokwisha. Mahadhi alisikiliza huku anaitazama miguu yake. Alipokwisha, alisema polepole, “Nani mwengine anajua?”

“Mungu.”

“Basi nyamaza.”

“Baba Lubna, yule mtu wamemfungia riziki yake.”

“Yule ana pensheni. Mimi nina nini? Ukisema uliitia mafuta wewe, umesema uliishika wewe. Wataichukua. Wakiichukua, shamba ni la viboko. Tutakula nini, tutakula ukweli?” Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Zuleikha. “Na Thoya. Sasa hivi nyonga yake iko juu ya Njenga. Unataka kuihamishia hapa?”

“Iko hapa tayari.”

“Mama Lubna. Kesho tunaitwa kituoni. Wakikuuliza, sema ulilosema. Si uliapa? Hukuapa. Ulisema tu. Lirudie, tumalize.”

Jua lilikuwa limepanda. Chupa pale kizingitini ilikuwa imeyeyuka, maji matupu. Akaimimina kiganjani, akampaka mumewe miguu, kidole kimoja kimoja, mpaka mwisho, kwa sababu haki ya mgonjwa ni haki yake.

&nbsp;

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Bunduki ilikuwa juu ya meza yake, imetandazwa kwenye lile jamvi la nyumbani, na Zuleikha aliona haya kuliona jamvi lake pale. Njenga alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kofia gotini. Alikuwa amenyoa. Hakumsalimu mtu. Ile fremu ya kibali ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi.

“Mama,” mkuu akasema, “maaskari wangu wameniambia uliona pini ikibadilishwa. Na mimi nataka niisikie kwako.”

Bakora ya kutembelea ya Mahadhi ikagusa kiatu cha Zuleikha. Ikakaa pale.

“Afande,” Zuleikha akasema, “naomba nimwulize fundi neno moja kwanza.”

“Hapa anayeuliza ni mimi. Lakini haya, uliza.”

Akamgeukia Njenga. “Siku ile ulipouliza ni nani anaisafisha. Ulikuwa hujui?”

Njenga akaigeuza kofia yake. “Ilinukia nazi, mama. Na mzee kuifungua tu ilimshinda.”

“Mbona hukusema?”

“Kama ningesema, ingenibidi niripoti. Ndiyo masharti ya kibali. Mngenyang'anywa.” Akairudisha kofia gotini. “Nikasema msiongeze kitu. Nilidhani umenielewa.”

Bakora ikabonyeza kiatu. Nje, kwenye ua wa kituo, mtu alikuwa anaosha gari, na maji yalisikika yanamwagika, yanakatika, yanamwagika. Zuleikha akauvuta mguu wake kutoka chini ya bakora.

“Afande, sikuona pini ikibadilishwa. Niliona mgongo tu. Pini ni ile ile. Aliisafisha, akatuambia tusiongeze kitu, mimi nikaona ametudhulumu, nikaijaza mafuta ya nazi. Yakaganda kwa baridi. Kila asubuhi ya kipupwe yanaganda, mchana yanayeyuka. Aliyemvunja Thoya nyonga ni mimi.”

“Mama, unajua unachosema? Wewe huna leseni.”

“Najua.”

“Nani aliyewaambia pini si yake?”

Mahadhi alikuwa akitazama ukuta.

“Mtu wetu,” Zuleikha akasema.

“Mtu wenu ana jina?”

“Abdulqadir. Wa Shella.” Akasikia pumzi ya mumewe ikitoka. “Hakuna aliyemlazimisha, na sisi hakuna aliyetulazimisha kumwendea.”

Mkuu wa kituo akaishika bunduki, akaikunjua, akainusa. Uso wake haukubadilika. Akamwita askari. “Hii iingie ghalani. Mzee, leseni yako iache hapa. Utaitwa. Na wewe mama utaitwa, uje na mtu wa kukudhamini.” Askari akaibeba pamoja na jamvi. Mlango wa chuma ukafunguka upande wa ndani, ukafungwa, na ufunguo ukazungushwa. Swali la Priscilla likamrudia Zuleikha. Sasa alijua italala wapi. Viboko tu ndio hawakuwa na habari, na kesho alfajiri wangekuja.

“Mzee Njenga.” Mkuu akaigeuza ile fremu, akaipangusa kioo kwa kiganja, akamsogezea. “Hawa wamekusingizia. Una haki ya kuwashitaki. Unasemaje?”

Njenga akasimama. Akaichukua fremu, akaikagua pembe zake nne kama anavyokagua kila kitu, akaitia kwapani. Mahadhi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake yenye ganzi imelala juu ya bakora.

“Baba,” Zuleikha akasema, “nisamehe.”

Njenga akamtazama. Alimtazama kama siku ile alipokinusa kitambaa, muda mfupi tu, na Zuleikha akashindwa kuyashusha macho. Kisha mzee yule akavaa kofia yake, akairekebisha, akapita kati yao na meza, akatoka.